Mafuta ya Mimea na Kinga ya Samaki wa Kufugwa: Shajara ya Mradi, Mombasa

Machi

Mradi huu umetokana na swali ambalo wafugaji wa samaki wa pwani wamekuwa wakituuliza kwa namna mbalimbali: ikiwa mafuta ya samaki ni ghali na ni ya kuagizwa, na mafuta ya mimea yamejaa madukani kuanzia Kongowea hadi Mwembe Tayari, kuna ubaya gani chakula cha samaki kikitengenezwa kwa haya yaliyo karibu? Ukilichukua swali hilo kwa upande wa ukuaji peke yake, jibu lake limekwisha kupatikana. Nchini Norwei, ambako samoni hufugwa kwa wingi kuliko kwingineko, malighafi kutoka baharini zilikuwa takriban asilimia 90 ya chakula cha samaki hao mwaka 1990, na kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 30, nafasi yake ikichukuliwa na soya, kanola na mimea mingineyo. Samoni hawakuacha kukua kwa sababu hiyo.

Ila ukuaji ni kipimo kimoja tu. Samaki aweza kunenepa, akarefuka na kufikia uzito wa kupelekwa sokoni, ilhali seli zake nyeupe za damu zimebadilika kwa namna ambayo mizani haiwezi kuionyesha, na mfugaji asiyatambue mabadiliko hayo mpaka siku ugonjwa unapoingia bwawani. Sisi tunashughulikia upande huo: mafuta ya mimea yanayopatikana hapa Mombasa yanafanya nini katika kinga ya samaki anayeyala kwa muda mrefu. Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba chakula cha samaki hakistahili kuitwa kizuri mpaka kinga ya samaki mwenyewe ipimwe, na shajara hii inaandikwa ili wafugaji wa Mtwapa, Kilifi na Kwale, pamoja na wanafunzi na watengenezaji wa chakula, waone jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Aprili

Sehemu kubwa ya mwezi huu imekwenda katika kuchagua mafuta, na nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu matokeo yote yatakayofuata yanalitegemea. Mafuta ya mimea hayafanani hata kidogo, na anayesema kwamba yanadhoofisha au yanaimarisha kinga bila kuyataja ni ya mmea gani hajatusaidia chochote.

Tunayalinganisha yote na mafuta ya samaki, ambayo yana asidi mbili za mafuta za jamii ya omega-3 zenye mnyororo mrefu wa kaboni, yaani EPA na DHA. Katika mafuta ya dagaa wa Peru, yanayouzwa kwa wingi duniani, EPA huwa kama asilimia 18 na DHA kama asilimia 12. Hakuna mbegu wala tunda la nchi kavu ambalo kwa asili yake hutoa mafuta yenye asidi hizo. Mimea huishia kwenye asidi fupi zaidi, zenye kaboni 18, na zilizo muhimu kwetu ni mbili: linoleiki, ambayo ni ya jamii ya omega-6, na alfa-linoleniki, ambayo ni ya omega-3. Kwamba mnyama hawezi kujitengenezea asidi hizi na ni lazima azile kulijulikana kupitia panya wa maabara, katika kazi ya George na Mildred Burr iliyochapishwa Marekani mwaka 1929, na kwa samaki hali ni hiyo hiyo.

Mafuta ya nazi ndiyo yaliyotujia akilini kwanza, kwa kuwa mbata hutoka Kilifi na Kwale na mafuta yake hukamuliwa papa hapa pwani. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo huchomwa mwilini upesi na kutoa nguvu, lakini linoleiki yake ni kidogo mno na alfa-linoleniki karibu haimo. Tilapia anahitaji linoleiki ipatayo asilimia 0.5 ya chakula chake chote, na hawezi kuipata kwenye nazi peke yake. Kwa hiyo samaki wa nazi watakuwa na kazi maalumu katika jaribio letu: watatuonyesha kinga inavyokuwa pale ambapo mafuta yaliyoongezwa hayaleti omega-6 wala omega-3 ya kutosha. Hata hapo ni lazima tujihadhari, kwa sababu omena tunayoitumia kwa ajili ya protini ina mafuta yake yenyewe, nayo ni ya samaki. Tumeamua kuikamua na kuiondoa mafuta kadiri inavyowezekana kabla ya kuichanganya, na kuyaingiza katika hesabu yale yatakayosalia.

Alizeti iko upande wa pili kabisa. Katika mafuta ya alizeti ya kawaida, linoleiki huwa asilimia 60 au zaidi, na omega-3 ni kama hakuna. Ipo pia alizeti iliyozalishwa kwa kuchagua mbegu ili mafuta yake yawe na oleiki nyingi (asidi isiyo ya omega-6 wala omega-3), wakati mwingine zaidi ya asilimia 80, na chupa za aina hizo mbili zinaweza kukaa kwenye rafu moja bila mnunuzi wa kawaida kuona tofauti. Nawasihi wanaotengeneza chakula wenyewe waulize ni ipi wanayonunua, kwani kwa samaki ni vyakula viwili tofauti.

Kitani ndiyo mbegu yenye omega-3 kwa wingi: zaidi ya nusu ya mafuta yake ni alfa-linoleniki. Hapa pana hatari inayohitaji kutajwa waziwazi. Mafuta ya kitani yanayouzwa kwa maseremala kwa ajili ya kupaka mbao mara nyingi yametiwa madini ya kuyakausha haraka, kama vile kobalti na manganizi, na hayafai kabisa kumlisha mnyama yeyote. Yetu ni ya kuliwa, yaliyokamuliwa bila moto, na tumeyahifadhi kwenye chupa nyeusi ndani ya friji.

Mawese tumeyaacha kwa sasa, ingawa hushushwa Kilindini kwa wingi na ndiyo yanayopatikana kwa bei nafuu zaidi. Asidi zake kubwa ni palmitiki na oleiki, na linoleiki yake ni kama asilimia 10, kwa hiyo hayatupi tofauti kali ya omega-6 na omega-3 tunayoitafuta katika hatua ya kwanza. Simsim ni ghali mno kwa mfugaji. Chakula cha mwisho tulichokubaliana ni mchanganyiko wa alizeti na kitani, na hicho ndicho ninachokitazamia kwa hamu zaidi, kwa sababu kinatuwezesha kupandisha na kushusha uwiano wa omega-6 kwa omega-3 bila kugusa tone la mafuta ya samaki.

Kuhusu samaki wenyewe, tumeanza na tilapia na tutafuatisha mwatiko, samaki wa bahari anayefugwa katika mabwawa ya pwani. Tilapia, kama samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi, ana vimeng'enya vinavyoweza kurefusha asidi za kaboni 18 na kuziongezea vifungo maradufu hadi zikafikia kiwango cha arakidoniki (asidi ndefu ya omega-6), EPA na DHA, japo si kwa wingi. Samaki wengi wa baharini wamepungukiwa na uwezo huo, kwani baharini chakula chao tayari kina EPA na DHA. Kuna jamii moja ya baharini iliyowashangaza watafiti, nayo iko katika mitego na nyavu zetu kila siku: tafi. Mwaka 2010 ilichapishwa habari kwamba tafi wa aina ya Siganus canaliculatus ana kimeng'enya cha kukamilisha DHA moja kwa moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuthibitishwa kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Tafi wetu wa pwani hii, Siganus sutor, ni wa jenasi hiyo hiyo na hula majani ya bahari na mwani. Natamani sana siku moja tumfanyie kazi hii.

Mei

Masika yameingia na kila kitu ni chepechepe. Tembe za chakula zilizotoka kwenye mashine zilikaushwa ndani kwa feni, kwani nje hakukuwa na jua la kutegemea.

Unyevu na joto la Mombasa vinatulazimisha kuzungumzia uvundo. Asidi zenye vifungo maradufu vingi huungana na oksijeni upesi, na mafuta yaliyoharibika kwa njia hiyo hushusha kinga ya samaki yenyewe, hata kama yalikuwa mafuta mazuri yalipokamuliwa. Mafuta ya samaki na ya kitani ndiyo yaliyo hatarini zaidi, nayo ya nazi karibu hayaharibiki kwa njia hiyo. Tusipolidhibiti jambo hili tutajikuta tunalinganisha mafuta mabichi na mafuta yaliyovunda, kisha tunalipa jina la omega-3 kosa la ghala. Kwa hiyo kila chakula kimewekewa kiasi kile kile cha vitamini E, kikafungwa katika mifuko midogo isiyopitisha hewa, na kuwekwa kwenye friza. Kinachotolewa ni cha matumizi ya karibu tu, na kipimo cha peroksaidi, kinachoonyesha kama mafuta yameanza kuharibika, hufanywa kwa kila fungu linapofunguliwa.

Mfugaji asiye na friza anaweza kufanya nini? Anunue kidogo kidogo, aweke mahali pa giza palipo na hewa, na akikisikia chakula kinatoa harufu kama ya rangi ya mafuta asikitumie, hata kama samaki bado wanakikimbilia.

Juni

Samaki wamezoea matangi na wameanza kula vyakula vya jaribio. Hakuna cha kupima katika kinga kwa sasa, na wanafunzi wanaotusaidia wameuliza, tena kwa haki, kwa nini tunasubiri muda mrefu hivi. Maelezo niliyowapa ndiyo moyo wa mradi, nami nayaandika hapa.

Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta yaitwayo fosfolipidi, na asidi za mafuta zilizomo katika fosfolipidi hizo hufuata chakula anachokula samaki. Badiliko hilo haliji kwa mlo mmoja. Tando huvunjwa na kujengwa upya siku hadi siku, seli kuukuu hufa na mpya huzaliwa, na baada ya majuma kadhaa samaki wa alizeti huwa na seli zenye omega-6 nyingi huku wa mafuta ya samaki wakiwa na seli zilizojaa EPA na DHA. Vijidudu vinapovamia, kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi hukata asidi kutoka kwenye utando huo, na vimeng'enya vingine viwili, saiklooksijenasi na lipoksijenasi, huzigeuza kuwa prostaglandini na lukotrieni, yaani dutu za ujumbe zinazoziita seli nyingine, zinazopanua mishipa na kuamsha uvimbe. Seli haina muda wa kungoja malighafi nyingine. Kama mpishi aliyevamiwa na wageni, hupika kwa kile kilichomo ghalani.

Ndipo tofauti inapoonekana. Arakidoniki, ambayo ni ya omega-6, hutoa prostaglandini E2 na lukotrieni B4, ambazo zina nguvu. EPA hupita kwenye vimeng'enya hivyo hivyo na kutoa prostaglandini E3 na lukotrieni B5, ambazo kwa kawaida ni dhaifu zaidi, na kwa kuwa inagombea nafasi ile ile, hupunguza pia zile zinazotokana na arakidoniki. Linoleiki na alfa-linoleniki nazo hugombea kimeng'enya kimoja zinapotaka kurefushwa. Kwa hiyo kiasi cha omega-6 peke yake hakitoshi kutuambia kitu. Ni lazima tujue kiko mbele ya omega-3 kiasi gani.

Njia hii si ya samaki peke yao. Ndiyo ile ile ambayo aspirini huifunga ndani ya mwili wa binadamu, kama John Vane alivyoonyesha mwaka 1971, na mwaka 1982 yeye pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kazi yao juu ya prostaglandini. Samaki na binadamu waliachana zamani sana katika ukoo wa viumbe, na bado wanatumia vimeng'enya vya jamii moja kuitikia jeraha. Kila ninapolifikiria jambo hilo naona thamani ya kumchunguza tilapia kwa uangalifu ule ule ambao mgonjwa wa wodini angestahili.

Lazima niongeze jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Prostaglandini E2 haiamshi uvimbe tu. Ikizidi, huzituliza makrofeji, yaani seli zinazomeza vijidudu, na kuzizuia limfositi, seli nyeupe zinazomtambua adui, zisizaane, hivyo omega-6 nyingi zinaweza kuwasha moto mwanzoni kisha zikaudhoofisha ulinzi uleule baadaye. Hii ndiyo sababu sitaki tupime kitu kimoja na kutangaza matokeo.

Julai

Kusi inavuma na maji yamepoa kidogo. Usomaji umechukua nafasi kubwa mwezi huu, na tafiti mbili zimetulazimisha kuwa waangalifu zaidi.

Ya kwanza ni ya mwaka 2003, iliyofanywa kwa Sparus aurata, samaki wa Mediterania. Sehemu kubwa ya mafuta ya samaki ilipobadilishwa kwa mafuta ya soya, nguvu ya komplimenti (protini za damu zinazopasua vijidudu) katika seramu, yaani majimaji ya damu, na uwezo wa seli za kinga wa kumeza vijidudu vilipungua. Samoni nao, katika kazi za miaka ya mwanzo ya 1990, walipolishwa mafuta ya alizeti walipata vidonda vya moyo na wakashindwa kuhimili msukosuko wa kusafirishwa. Anayezisoma kazi hizo peke yake ataondoka na imani kwamba mafuta ya samaki ndiyo kinga.

Ya pili inavuta upande mwingine. Mwaka 1994 ilichapishwa kazi juu ya kambare wa Marekani, Ictalurus punctatus, waliolishwa mafuta mbalimbali kisha wakaambukizwa bakteria Edwardsiella ictaluri. Katika maji ya nyuzi 28, waliokufa kwa wingi ni wale waliokula mafuta ya samaki. Omega-3 nyingi ziliwapunguzia mwitikio wa uvimbe, na katika maambukizi yale mwitikio huo ulihitajika.

Nyuzi 28 ndiyo hali ya kawaida ya mabwawa yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hasa wakati wa kaskazi. Hivyo siwezi kuyachukua matokeo ya samoni wa maji ya baridi na kuwapelekea wafugaji wa Mtwapa kana kwamba ni sheria. Tilapia yuko karibu zaidi na kambare kwa mahitaji yake ya omega-6 na kwa joto la maji anamoishi, na kuna uwezekano wa kweli kwamba kiasi fulani cha mafuta ya mimea kitamfaa kuliko mafuta ya samaki matupu. Tumeongeza kipimo cha joto la maji kinachosomwa asubuhi na alasiri katika kila tangi, na hakuna kipimo cha kinga kitakachoandikwa bila joto la siku hiyo kando yake.

Agosti

Mwezi huu tumejaribu njia za kuchukua na kupima damu kwa samaki wa akiba, ambao hawamo katika jaribio lenyewe.

Ili samaki asiteseke na asipapatike, hulazwa kwanza kwa mafuta ya karafuu. Hayo hayachanganyiki na maji, kwa hiyo fundi wetu huyayeyusha kwenye spiriti kisha huyamimina ndani ya ndoo polepole huku akikoroga, na chumba kizima hunukia karafuu. Tilapia huogelea kawaida kwa kitambo kifupi, halafu hupoteza mizani, huinama upande mmoja, mwishowe hulala ubavu huku mashavu yake yakifunguka na kufumba taratibu. Hapo hutolewa na kulazwa juu ya sifongo lenye maji. Sindano huingizwa nyuma ya pezi la mkundu, chini kidogo ya mstari wa ubavuni, mpaka ncha iguse uti wa mgongo. Kisha hurudishwa nyuma kidogo sana, na damu huingia yenyewe kwenye bomba, nyeusi kuliko mtu anavyotarajia. Samaki hurudishwa katika maji safi na fundi humshika kinywa kikielekea kwenye bomba la hewa mpaka aanze kupiga mkia.

Yote hayo lazima yafanyike haraka. Kotisoli, homoni ya msukosuko, hupanda katika damu ya samaki ndani ya dakika chache tangu anaposhikwa, nayo hushusha kinga. Samaki wa mwisho kutolewa tangini akichelewa, tutakuwa tumepima hofu yake na kuiandika kwa jina la mafuta aliyokula. Tumepanga kwamba tangi moja litashughulikiwa hadi mwisho kabla ya kugusa lingine, na watu wawili wafanye kazi ya sindano kwa pamoja.

Kuhesabu seli nyeupe kumetuonyesha umuhimu wa darubini. Chembe nyekundu za samaki zina kiini ndani yake, tofauti na za binadamu, na mashine ya kuhesabia damu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu haiwezi kutegemewa kuzitenga na zile nyeupe. Tunahesabu kwa jicho, juu ya kioo chenye miraba, na kila kioo husomwa na watu wawili kila mmoja kwa wakati wake.

Kipimo kilichowavutia wanafunzi kuliko vyote ni kile cha mripuko wa oksijeni. Seli ya kinga inapomeza kijidudu huzalisha oksijeni kali ya kukiulia, na tukiiwekea rangi ya nitrobluu tetrazoliamu, ambayo ni ya manjano, oksijeni hiyo huigeuza kuwa punje za buluu iliyokoza. Chini ya darubini, seli iliyoamka huonekana imejaa punje hizo na jirani yake aliyelala amebaki mweupe. Kisha punje huyeyushwa na ukali wa buluu husomwa kwenye spektrofotomita. Lisozaimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria na ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, tunaipima kwa kutazama jinsi maji yaliyotiwa ukungu wa bakteria Micrococcus yanavyong'aa seramu inapoongezwa. Kwa komplimenti tunatumia chembe nyekundu za sungura na kupima zilizopasuka.

Tumekubaliana pia kuchukua figo ya mbele na wengu kutoka kwa samaki wachache wa kila chakula. Samaki hana uboho wa kutengeneza damu ndani ya mifupa. Kazi hiyo hufanywa na figo ya mbele, na huko ndiko makrofeji zake nyingi huzaliwa. Tukitaka kujua kama mafuta yamefika kwenye chimbuko la kinga, ni lazima tutazame hapo.

Septemba

Mjadala mrefu wa mwezi huu ulihusu maambukizi. Tafiti nyingi humaliza kwa kuwaingizia samaki bakteria walio hai na kuhesabu wanaokufa, na ni kweli kwamba hakuna kipimo kinachomridhisha mfugaji zaidi ya hicho. Mimi nimelipinga jambo hilo kwa hatua hii, na wenzangu wamekubali. Matangi yetu hayako mbali na hori, maji machafu yana mahali yanapoishia, na Streptococcus agalactiae, ambaye ni mmoja wa maadui wakubwa wa tilapia katika maji ya joto, huweza pia kumdhuru binadamu. Badala yake tutawadunga samaki bakteria Aeromonas hydrophila waliouawa kwa fomalini, kisha tutapima kingamwili za IgM zinazojitokeza katika damu. Hilo halitatuambia samaki yupi angenusurika, lakini litatuambia kama chakula kimebadilisha uwezo wake wa kumtambua adui na kumkumbuka.

Tumewatembelea pia wafugaji wa mwatiko wanaotumia mabwawa ya kando ya mikoko, kwa ajili ya kupanga hatua ya pili. Mama mmoja miongoni mwao, aliyekuwa akichagua vifaranga kwenye karai, alisikiliza maelezo yetu hadi mwisho kisha akauliza, «Mwanangu, huyo samaki aliyekula alizeti, mimi nikimla nitapata yale niyapatayo kwa samaki wa bahari?»

Nilimjibu, «Hapana, Mama, si yote. Nyama yake nayo hufuata chakula chake, na zile omega-3 ndefu zitakuwa chache.»

«Basi na hilo mlipime,» akasema. «Kinga yake ni yake, na sisi tuna yetu.»

Amesema kweli, na mradi umebadilika kwa sababu yake. Inajulikana kwamba samaki aliyelelewa kwa mafuta ya mimea akimalizia majuma ya mwisho kwa chakula cha mafuta ya samaki, EPA na DHA hurudi kwa kiasi kikubwa katika nyama yake. Sasa tumetenga baadhi ya matangi ya alizeti na ya mchanganyiko ili wamalizie kwa namna hiyo, na tutapima nyama pamoja na seli nyeupe, tuone kama kinga nayo hubadilika kwa kasi ile ile au hubaki nyuma. Gharama ya mafuta ya samaki kwa majuma machache ya mwisho ni nyepesi kuliko ya maisha yote ya samaki, na iwapo njia hiyo itamhifadhi mlaji bila kumdhuru samaki, itakuwa ni habari njema kwa wafugaji wadogo.

Oktoba

Damu ya kwanza ya jaribio lenyewe imechukuliwa. Kazi ilianza alfajiri kabla ya joto kupanda, na samaki wote walirudi majini wakiwa hai. Kwa macho, samaki wa vyakula vyote wanakula vizuri na ngozi zao ni safi. Hakuna tangi ambalo mgeni angelinyooshea kidole na kusema hili ni tofauti.

Seramu imegawanywa katika vichupa vidogo na kuhifadhiwa kwenye friza lenye jenereta ya akiba, kwa kuwa komplimenti huharibika ikiyeyuka na kugandishwa tena. Kila kichupa kina namba tu. Orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya mafuta gani iko kwa mwenzetu asiyehusika na vipimo, na haitafunguliwa mpaka vioo vyote viwe vimesomwa na usomaji wa spektrofotomita uwe umekamilika. Nimeulizwa mara kadhaa na wafugaji, na hata na muuzaji mmoja wa chakula, angalau niwadokezee mwelekeo. Sina wa kudokeza, na ningekuwa nao nisingeutoa. Mtu anayejua kwamba kioo kilicho mbele yake ni cha alizeti huanza kuona seli zilizolala hata pale zilipoamka, na fedha ambayo mfugaji ataitumia kwa kufuata neno letu ni nyingi kuliko subira tunayomwomba.

Kazi zilizo mbele yetu kabla ya kaskazi kuingia ni hizi: kumaliza kuhesabu seli nyeupe, kuchukua sampuli za figo ya mbele na kuzipeleka kwenye maabara itakayosoma asidi za mafuta zilizomo katika tando, na kuwadunga samaki waliosalia bakteria waliouawa. Kingamwili za samaki wa maji ya joto huhitaji majuma kadhaa kufikia kilele, kwa hiyo damu ya mwisho itachukuliwa maji yakiwa yamepanda joto tena. Matangi ya mwatiko yanasafishwa, na chumvi ya maji yake inarekebishwa ifanane na ile ya mabwawa ya mikoko mwishoni mwa vuli. Mashine ya tembe imefanyiwa matengenezo, na fungu jipya la mafuta ya kitani limewasili, limepimwa peroksaidi, na limekubaliwa kutumika.